Likizo ya Kiangazi Shambani: Nilivyowapa Watoto Kitu cha Kushika

Nilipojiandikisha kujitolea kwenye shamba la jamii kiangazi kile, nilijua nitapewa jembe. Kumbe jembe pale halina kazi kubwa. Ni shamba la kuhuisha udongo: ardhi haipinduliwi, haiachwi uchi juani, na mizizi hai inatakiwa iwemo ardhini muda mwingi wa mwaka. Kazi za mikono zipo tele, kutandaza nyasi kavu, kung'oa magugu kabla hayajatoa mbegu, kumwagilia mapema asubuhi. Mimi nikakabidhiwa watoto wa likizo, wa miaka 7 hadi 12, baadhi yao wamekuja shingo upande.

Mama anayesimamia shamba hakunipa maelezo marefu. "Usiwahutubie, mwanangu. Wape kitu cha kushika." Nilimwelewa upesi, maana hata watu wazima huanza kupiga miayo ukiwatajia kaboni na mabadiliko ya tabianchi kabla hawajagusa udongo.

Tukaanza na mboji. Lundo likiwa dogo halipati joto, kwa hiyo tulilipima kwa hatua za watoto wenyewe mpaka likafika kama mita moja kila upande na mita moja kwenda juu. Vikavu vilikuwa vingi kuliko vibichi: kwa ndoo mbili au tatu za majani makavu na maboksi yaliyochanwa, ndoo moja ya magugu mabichi, maganda ya mboga au samadi. Unyevu tuliupima kwa kiganja. Unachota konzi ya mchanganyiko, unaiminya kwa nguvu; likidondoka tone moja au mawili, basi. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Isipotoa kitu, nyunyiza maji. Watoto waliminya kila kona ya lundo, na hapo sikuhitaji tena kumwambia mtu achangamke.

Kilichowakamata kabisa ni kijiti. Unachomeka fimbo ndefu mpaka katikati ya lundo na kuiacha humo. Baada ya siku chache unaichomoa na kuishika ile ncha iliyokuwa ndani. Ya kwetu ilitoka ya moto, ina unyevu, inafuka mvuke kidogo, na msichana mmoja akaiachia akidai kuna mtu amewasha moto humo chini. Ndipo nikapata nafasi ya kueleza: ni vijidudu vinakula, na vikila vinatoa joto. Lundo zuri hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, na kwa joto hilo, likikaa siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa hufa. Likizidi 70, hata vijidudu vinavyotufanyia kazi huanza kufa, kwa hiyo unaligeuza lipate hewa. Likipoa mapema pia unaligeuza, ili vya pembeni viingie katikati. Kila asubuhi wakawa wanagombania kushika kijiti, na zamu ikabidi ipangwe kwa karatasi.

Jaribio la pili linataka mitungi miwili ya kioo, maji na kipande cha wavu. Tulichukua bonge kavu la udongo kwenye tuta ambalo halijalimwa kwa muda mrefu, na jingine kutoka ukingoni, ambako huchimbwa mara kwa mara. Kila bonge likawekwa juu ya wavu, ndani ya maji. La ukingoni lilianza kumomonyoka palepale, maji yakawa tope. La tuta lilitoa mapovu kidogo, likabaki zima. Gundi inayoshika chembe hizo hutoka kwenye mizizi, kuvu na vijidudu vingine, na ukilima kila mara unaivunja. Mvua kubwa ikinyesha, udongo kama ule wa ukingoni ndio unaosombwa. Binafsi naona mitungi hiyo inafundisha kuliko bango lolote, na mzazi mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alichutama nasi, akasahau kuondoka.

Jua lilitupangia ratiba. Kufikia saa nne asubuhi tulikuwa tumehamia kivulini, kofia na maji ya kunywa si hiari, na kazi za kuketi kama kupukuchua mbegu zikasubiri muda huo. Magugu sikuwapa zaidi ya nusu saa kwa mkupuo. Mtoto akichoka hung'oa na miche.

Kwenye maharage tulichimbua mche mmoja kwa uangalifu, tukaosha mizizi. Vinundu vilikuwa vimejishika pale. Ukikipasua kimoja kwa kucha, ndani kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani. Wekundu huo unatokana na protini inayofanana na ile ya damu yetu. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakuna kinachofanyika humo. "Kwa hiyo maharage yana damu?" aliuliza mdogo kuliko wote, na mabishano yakaendelea mpaka wazazi wakaja.

Baada ya mavuno, mche haung'olewi. Niliwapa wakubwa mikasi, wakakata mashina usawa wa ardhi na kuacha mizizi ioze humohumo, kisha tukapanda mchanganyiko wa nafaka na mikunde ya kufunika tuta. Wadogo walibeba matandazo kwa toroli, wakimwaga nusu yake njiani.