C ya 2015 si C ya 2017: kuomba chuo kikuu kwa matokeo ya zamani

Matokeo ya kidato cha sita hayaozi. Mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) unawapokea hata waliomaliza kabla ya 2014, na kiwango cha chini kinafanana kwa wote: principal mbili (yaani ufaulu kamili katika masomo mawili) zenye jumla ya pointi 4.0, kutoka masomo mawili yanayotakiwa na kozi. Kinachobadilika ni thamani ya herufi, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Waliomaliza kabla ya 2014, na wale wa kuanzia 2016, wanahesabu A=5, B=4, C=3, D=2, E=1. Wa 2014 na 2015, miaka ambayo madaraja yalipangwa tofauti, wana A=5, B+=4, B=3, C=2, D=1. Sababu ni kwamba madaraja yalishushwa: C ya miaka ile ilianzia alama 40, ilhali C ya sasa inaanzia 60. Kwa hiyo principal yao inaishia C. D haimo.

Chukua mtu wa PCB wa 2015 mwenye Fizikia C, Kemia B, Baiolojia D. Akipiga hesabu kwa jedwali la sasa, Kemia na Baiolojia zinampa 4+2, pointi sita, naye anajaza kozi inayotaka masomo hayo mawili. Anakataliwa, kwa sababu D yake ni pointi 1 na si principal. Lakini kozi inayotaka Fizikia na Kemia anaiingia vizuri: 2+3, pointi tano. Cheti ni kilekile, kozi tu ndiyo imebadilika. General Studies na BAM (Basic Applied Mathematics) zisijumlishwe kabisa, hata kama ndizo zenye herufi nzuri kwenye cheti.

Maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja. Kwenye namba ya mtihani weka mwaka uliofanya mtihani, si mwaka uliochukua cheti. Ukikosea mwaka, mfumo hautakupata au utaleta matokeo ya mtu mwingine. Aliyerudia kama mtahiniwa binafsi ana namba inayoanza na P, tofauti na ile ya S aliyokuwa nayo shuleni. Majina nayo yakaguliwe mapema. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mwanaidi na cha NECTA (Baraza la Mitihani) kikisema Mwanahidi, tafuta mwanasheria kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Halafu kuna mkopo. Hapa umri wa cheti una uzito kweli: miongozo ya HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) ya miaka ya karibuni imetaka mwombaji awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Chuo kinaweza kukupokea na cheti chako cha 2015 huku bodi ikikuweka kando, kwa hiyo ulizia ada ya kozi kabla ya kuthibitisha nafasi.