Koili ya misuli: nyundo sasa inalia sawasawa

Inalia! Tangu asubuhi nyundo ya koili yangu, yaani swichi ndogo inayokata na kuunga umeme yenyewe, inatoa mlio mmoja usioyumba, na kwenye osiloskopu (kifaa kinachochora umeme kwenye skrini) mipigo inafuatana bila hata mmoja kuruka. Nimeiacha ikilia huku nakunywa chai, naisikiliza tu.

Kifaa chenyewe ni koili ya kuteleza, koili mbili ambazo moja huteleza juu ya nyingine, ya aina aliyoibuni mwanafiziolojia Emil du Bois-Reymond kule Berlin miaka ya 1840, ambayo baadaye ilienea kwa madaktari waliokuwa wakisisimua misuli iliyopooza. Koili ya msingi ina mizunguko 200 ya waya wa milimita 0.9. Ya pili ina mizunguko 3,000 ya waya wa milimita 0.15, imesukwa na fundi wa mota wa mtaani kwetu, na kazi yake ni safi kuliko chochote nilichokwisha kununua. Kiini ni fungu la waya wa kufungia nondo, kila kipande kimepakwa vanishi ili umeme usizunguke ovyo ndani ya chuma. Waya ule ni chuma laini, sumaku haikai ndani yake, na unauzwa kwa kilo duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kutafuta kingine ni kupoteza pesa.

Yote hayo yalikwenda vizuri. Kilichonitesa ni nyundo.

Kazi yake ni hii: kiini kikivuta, saketi inakatika, saketi ikikatika, springi inarudisha. Tatizo ni cheche. Kila saketi inapokatika, koili ya msingi inagoma kuachia mkondo wake, na ugomvi huo wote unaishia kwenye ncha mbili ndogo zinazogusana. Watengenezaji wa zamani walitumia platinamu. Mimi nilianza na pointi za distribyuta ya gari la zamani, ambazo ni tangsteni. Kwa betri ya volti 12 zinafanya kazi, lakini kwa volti 3 utando wa oksidi unatosha kuzuia mkondo, na nyundo haianzi mpaka uiguse kwa kidole. Kidole! Kifaa cha tiba kinachohitaji kugutushwa hakifai kitu.

Nikahamia kwenye ncha za fedha kutoka rilei (swichi ya sumaku-umeme) kubwa ya kiwandani. Hapo nyundo ilianza yenyewe, ikalia vizuri kwa muda, kisha ncha zikaganda au mlio ukapanda na kushuka. Kapasita, kijitunza-chaji, sambamba na ncha, dawa aliyoileta mwanafizikia Mfaransa Fizeau mwaka 1853, ilipunguza cheche lakini mdundo ukabaki mbovu. Nilikaza skrubu, nikalegeza, nikabadilisha springi kutoka bamba la shaba nyeupe hadi kipande cha bleidi ya msumeno wa chuma. Bleidi ni bora mara nyingi, haichoki. Bado mipigo iliruka.

Nang'ang'ania hivi kwa sababu msuli hauna huruma na mdundo mbovu. Mipigo ikiwa michache kwa sekunde, msuli unaruka kwa kila mmoja. Ikifika kama 50 kwa sekunde, mikazo inaungana na msuli unajikaza kwa utulivu. Duchenne wa Boulogne, daktari Mfaransa ambaye kitabu chake cha umeme wa tiba kilitoka Paris mwaka 1855, alitumia kasi zote mbili kwa makusudi. Mashine inayorukaruka ingemtupia mgonjwa mishtuko isiyotabirika, na Duchenne alijenga kazi yake yote juu ya kulenga msuli mmoja tu kwa sponji zenye unyevu.

Kilichomaliza ubishi ni waya mmoja wa ziada, mpangilio wa mwanafizikia Mjerumani Helmholtz. Badala ya nyundo kukata mkondo wa koili ya msingi, inauchepusha: ikivutwa chini inagusa ncha ya chini na kuunganisha miisho miwili ya koili. Mkondo unafifia polepole badala ya kukatwa ghafla, cheche karibu zimekwisha, na ncha zinabaki safi. Mwenye betri ya risasi, kama ya gari, asisahau resista ya mfululizo, maana nyundo ikiwa chini betri inabaki karibu na shoti.

Na kuna faida nyingine inayoonekana kwenye skrini. Awali mpigo wa kukata, unaotoka saketi inapokatika, ulikuwa mrefu na mwembamba, mara sita hivi ya mpigo wa kuunga, unaotoka saketi inapounganishwa. Sasa yote miwili inakaribiana kimo, ingawa nguvu imeshuka. Mpigo wa kukata umepanuka kidogo pia, na upana si jambo dogo: katika miaka ya 1860 daktari Mjerumani Wilhelm Erb alieleza jinsi msuli uliopoteza neva yake unavyoacha kuitikia mipigo mifupi ya koili huku ukiendelea kuitikia, kwa uvivu, mkondo wa moja kwa moja wa betri. Napima kwa resista ya kilo-omu moja tu. Hakuna mwili wa mtu utakaounganishwa na kifaa hiki.

Leo nilipanga kuanza sanduku la mbao za mninga la kuwekea kifaa. Sikuanza. Nilikumbuka kwamba Duchenne alipunguza nguvu kwa mrija wa shaba uliotelezeshwa kwenye koili, nikachukua kipande cha bomba la shaba la kiyoyozi na kukiingiza kati ya koili ya msingi na ya pili. Mipigo ilinywea palepale! Nikapasua bomba kwa msumeno kwa urefu wake wote, nikaingiza tena: hakuna kilichobadilika kwenye skrini. Mkondo unaozunguka ndani ya bomba ndio unaofanya kazi, ukiukatia njia umekwisha.

Ila bomba zima linabadilisha mlio wa nyundo, kwa kuwa nyundo yangu inavutwa na kiini kilekile. Kwenye koili za maabara za du Bois-Reymond nyundo ilikuwa na sumaku-umeme yake ndogo pembeni. Mninga utasubiri. Nimeshakata waya wa kufungia nondo kwa ajili ya kiini cha pili, cha nyundo peke yake, na vanishi inakauka.