Susu na Kanini

Wiki iliyopita, tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, watu wa mifugo wakapita huku kwetu Kitengela na pikapu yenye kipaza sauti, leteni mbwa, leteni paka, chanjo ni bure. Kifunga mimba wangu akaniuliza habari za nyanya yake tukiwa pale getini, "Mami, ni kweli Susu aliumwa na mbwa akiwa mdogo?" Nikamwambia hapana, si yeye. Ni ndugu yake. Nikarudi jikoni na nikajikuta nimesimama tu na mwiko mkononi.

Wale tumekuwa pamoja tangu nyumba haijapigwa plasta mnamkumbuka Kanini, mbwa wetu. Tulimtoa KSPCA pale Karen, wale wa kutunza wanyama ambao wako tangu 1910. Baba watoto alikuwa anataka mbwa wa ulinzi, kifua kipana na sauti ya kuamsha mtaa, maana ploti ya jirani ilikuwa imeingiliwa. Watoto nao wakaenda wakasimama mbele ya kale kadogo ka rangi ya udongo, kamejikunja kwenye kona kametazama ukuta, mkia umebanwa katikati ya miguu, na wakakataa kutoka hapo. Alikuwa ashafungwa kizazi na kadi ya chanjo iko. Kijana aliyekuwa anamtunza akatuambia msimkodolee macho, msimwinamie, kaeni ubavu ubavu mumwache aje mwenyewe, na msihesabu siku.

Kufika nyumbani akaingia chini ya stendi ya tangi la maji na hapo ndipo akahamia. Ugali na omena alikuwa anakula usiku tukishazima taa. Aliogopa fagio, aliogopa nyororo ya geti, bodaboda ikisimama hapo nje anatetemeka mwili mzima. Kubweka, hata mara moja. Watoto wakampenda kwa nguvu zao zote, biskuti, nyimbo, vichwa viwili vimeingizwa chini ya tangi, na kila wakizidi kumpenda yeye anazidi kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Jirani akasema huyo si mbwa, huyo ni hasara, na baba watoto akaanza kuongea habari za kumrudisha.

Hapo katikati ndio mama mkwe, huyo Susu wa watoto, akaja kutoka Machakos kungojea kutolewa mtoto wa jicho. Kufika tu getini akauliza, "Mna mbwa?" Tukasema ndio. Akasema huyo mnyama akinikaribia narudi kwangu na haya macho yangu hivi hivi.

Na ana haki. Akiwa msichana, mdogo wake aliumwa mguuni na mbwa aliyekuwa anapita tu njiani. Kidonda kikapona vizuri, nyumbani wakasahau. Ule ugonjwa hutambaa polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka ufike kwenye ubongo, ndio maana wiki zinapita mtu anacheza kama kawaida. Halafu siku moja mtoto akaomba maji, na Susu ndiye aliyempelekea kikombe, na mtoto akalia kwa kiu na huku anakikimbia kile kikombe. Ukishafika hapo hata leo madaktari hawana la kufanya. Kabla ya hapo ilikuwa ni kuosha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu sindano mapema, lakini miaka hio, kule kijijini, nani angewaambia?

Kwa hivyo Susu akawa anatembea kwenye hio compaundi yetu ameegemea ukuta, na Kanini akimwona anajikunja zaidi. Mimi nikawa naishi katikati yao nikijiuliza nitamtoa nani.

Ilikuwa mchana, watoto wako shule. Susu ametandika mkeka kwenye veranda, miguu ameinyoosha, anasokota mkonge kwenye paja kwa ajili ya kiondo, kazi ambayo haimhitaji macho, vidole vinajua. Mimi niko dirishani naosha sufuria. Nikaona pua imetokeza chini ya tangi. Halafu kichwa. Akatambaa tumbo likigusa simiti, akasimama, akarudi, akatoka tena. Susu alikuwa ameshamsikia, niliona mabega yalivyokaza, lakini hakugeuka. Hakumwangalia, hakumwita, hakunyoosha mkono, alikaa ubavu vile vile alivyokuwa amekaa na vidole vikaendelea kusokota ingawa sasa uzi ulikuwa unatoka mbaya, unene hapa, wembamba pale. Yaani kila kitu yule kijana alichotuambia na sisi na mapenzi yetu yote tukashindwa, huyu mama alikuwa anakifanya sasa hivi kwa sababu ya hofu peke yake.

Kanini akanusa lile fungu la mkonge. Akanusa pindo la leso. Maji ya bomba yanamwagika na siwezi kuyafunga, naogopa kelele ya koki. Akazunguka kidogo, akalala, na mgongo wake ukagusa wayo wa Susu.

Mkono wa Susu ukabaki hewani na ule uzi. Nilitaka kutoka mbio, miguu ikakataa. Halafu nikamsikia, sauti ya chini kabisa, bila kugeuza kichwa: "Mwambie huyu wako aondoke hapa."

Alisema aondoke, lakini mguu wake hakuuondoa. Mimi sikujibu. Nikangoja. Baada ya muda mkono ukashuka kwenye pajani na kusokota kukaendelea, na wakakaa hivyo mpaka basi la shule likapiga honi na Kanini akarudi chini ya tangi kama risasi.

Mengine yalienda haraka. Ikawa ni kila mchana, mkeka ukitandikwa naye anatoka. Baba watoto hakuongea tena habari za kurudisha mtu. Macho yakafanyiwa operesheni, yakapona, na kitu cha kwanza Susu alichotaka kusoma mwenyewe ni ile kadi ya chanjo, akafuata tarehe kwa kidole mstari kwa mstari. Lakini sijawahi kumwona akimgusa Kanini kwa mkono. Hata mara moja, na nimeangalia sana.

Sasa akipiga simu kutoka Machakos huwa anauliza kama Kanini amechanjwa mwaka huu hata kabla hajauliza watoto wamelala saa ngapi. Watoto wanasema ni mapenzi. Baba yao anasema hapana, mama yake hajawahi kumwamini yule mbwa, anamchunga tu asije akamuuma mjukuu. Mimi nimewasikia wote wawili na ninaona kila mmoja ana lake. Ningemuuliza mwenyewe, lakini ningeanzia wapi bila kumrudisha kwa kile kikombe?