Magunia 312

Kosa lilikuwa langu, nianzie hapo kabisa, msije mkafika katikati mkaanza kumlaumu kapteni wetu, mzee wa watu.

Desemba 2014 nilikuwa ofisa wa tatu kwenye meli moja kuukuu ya mizigo mchanganyiko, hachi mbili, yaani matumbo ya kuwekea mzigo, winchi mbili, moja mbovu. Tuko gati la Mtwara tunapakia korosho ghafi za kwenda Tuticorin, kusini mwa India. Korosho nyingi siku hizi inaingia kwenye kontena, unafunga mlango unapiga sili basi umemaliza, ila mzigo wetu ulikuwa magunia yenyewe ya juti, yanashushwa kwa winchi halafu vijana wanayapanga kwa mikono huko chini, gunia kilo themanini, joto la Mtwara mnalijua.

Bandarini tulikuwa tunapokezana zamu za saa sita sita, na hayo mapumziko ni jina tu, maana ukitoka zamu unakuta kuna vifaa vya zimamoto vya kukagua, kuna ramani za kurekebisha, kuna mkaguzi amepanda anataka mtu wa kumzungusha, kwa hiyo usingizi unaupata kwa vipande. Usiku ule nilikuwa siku ya tatu hivyo.

Kazi yangu ilikuwa kusimama mdomoni mwa hachi, kuangalia magunia yanavyoingia, na kusaini karatasi za hesabu pamoja na karani. Kama saa nane usiku mvua ikashuka. Tukafunga hachi haraka, mzigo uliokuwa ndani ukapona, hapo sina wa kumlaumu. Tatizo lilikuwa malori yaliyopanga foleni gatini, mengine turubai zimechanika. Saa tisa mvua ikakata tukafungua, na magunia ya malori yale ya mwanzo yakaanza kupanda yana madoa meusi ya maji. Niliyaona. Siwezi kusema sikuyaona. Nikajiambia juti linakauka upesi bana, alfajiri jua likitoka yatakuwa yamekauka, nikasaini karatasi ile sehemu ya kasoro nikaandika hakuna, nikaendelea kuegemea chuma nikisinzia.

Asubuhi chifu ofisa, msaidizi wa kapteni, Mfilipino mmoja mpole sana, akapitisha mkono kwenye rundo la magunia likiwa bado linaning'inia, akautoa kiganja kimelowa. Hakuniambia kitu, akapanda juu kwa kapteni.

Kapteni wetu alikuwa mzee wa Kipemba, mfupi, sijawahi kumsikia akifoka hata siku moja, na hilo ndo lilikuwa linatutisha. Akaniita.

"Bwana mdogo, sahihi hii yako?"

"Ndiyo, kapteni."

"Na magunia yameroa, hukuyaona?"

Nikanyamaza.

"Haya, shuka kayahesabu."

Nikashuka na serahangi, mkuu wa mabaharia, na mabaharia wawili tangu saa nne asubuhi mpaka magharibi. Kazi ya kupakia imesimama, vijana wa kupakia wamekaa kivulini wanatucheka, na sisi tunafukua magunia ambayo mengine yameshalaliwa na wenzake safu tatu. Yalifika 312. Kati ya maelfu. Mtu atasema 312 ni nini, lakini korosho yenye maji ukiifungia kwenye hachi siku kumi za kwenda India inapata joto, inaota ukungu, na ule unyevu haubaki kwenye gunia lake, unapanda juu unagonga chuma halafu unawadondokea majirani.

Jioni wakala wa mwenye mzigo akaja na BL zake, orijino tatu zimeshachapwa, zinasubiri sahihi tu. Kwa asiyejua, BL, bill of lading, ni karatasi lakini ndo mzigo wenyewe. Ni risiti kwamba meli imepokea, na anayeishika ndo anaenda kudai mzigo kule unakofika. Mnunuzi wa India hajaona gunia hata moja, anaamini kilichoandikwa pale, na benki yake hivyo hivyo, ikiona BL safi inalipa, ikiona neno yamelowa hela haitoki. Sasa zile kanuni za Hague za 1924, za kubeba mizigo baharini, zinamtaka kapteni aandike hali ya mzigo inavyoonekana kwa nje. Kwa nje tu, hatakiwi kuwa bingwa wa korosho wala kupasua kokwa. Lakini macho yameona maji halafu ukaandika safi, basi mnunuzi akifungua akakuta ukungu anaidai meli, na meli haiwezi tena kugeuka ikasema yalipanda yakiwa hivyo.

Wakala analijua hilo kuliko mimi. Akatoa na karatasi ya nne, barua ya fidia, kwamba kapteni asaini safi na meli ikidaiwa mwenye mzigo atalipa.

"Kapteni wangu, hii mbona kawaida, meli zote zinasaini."

Mzee akammiminia chai. Akamwambia kuna kesi London mwaka 1957, mapipa mia ya juisi ya machungwa, yanavuja kila mtu anaona, BL ikaandikwa safi kwa barua kama hiihii. Upande wa meli ukadaiwa ukalipa, walipoipeleka ile barua mahakamani ili warudishiwe hela yao wakaambiwa ahadi ya kufunika uongo haisimamiwi na mahakama. "Na bima ya meli nayo hujitoa. Sasa barua yako hii mie n'ifanyie nini, n'ifungie karanga?"

Hapo wakala ndo akatoa silaha yake. Nakala ya karatasi yangu ya usiku. "Ofisa wako mwenyewe kaandika hakuna kasoro."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitamani gati linimeze.

Mzee akasema, "Saa tisa usiku alikosea. Mchana kahesabu tena, karatasi nyengine hii hapa." Basi. Hakunitazama.

Mwenye meli akapiga simu kutoka huko Ghuba, sauti inasikika mpaka kwangu, kila siku gatini ni hela, nani atalipa. Hapa ndo niliona ukapteni ulivyo upweke. Kapteni akikataa kuondoka kwa sababu ya dhoruba, SOLAS, ule mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, sura ya tano imeandika kwamba mwenye meli wala aliyeikodi hawaruhusiwi kumzuia. Kwenye BL hana kinga kama hiyo, anabaki na kalamu yake na mkataba wa ajira unaoisha mwezi wa tatu. Akajibu tu, "Ndiyo bosi. Wayatoe 312 walete makavu n'tasaini safi. Wakiyaacha n'tayaandika."

Wakala alipoondoka nikamfuata mzee nikamwambia ile karatasi yangu ya kwanza ninaweza kuichana, sisi tubaki na hii mpya. Nilidhani namsaidia. Akaniangalia kama mtu aliyesikia matusi. "Hatuchani. Ukikosea unapiga mstari mmoja, la zamani lisomeke, unaandika jipya na unatia sahihi. Zote mbili zinakaa faili moja."

Waliyatoa. Ilichukua siku moja na nusu, na mwenye mzigo akatuletea barua ya malalamiko kwamba meli imemchelewesha, mzee akasaini chini yake akaongeza maneno matatu: kwa kupokelewa tu.

Tuliondoka jioni, rubani wa bandari akatupitisha kwenye mlango ule mwembamba, Msangamkuu ikabaki nyuma, na tulipotoka bahari kubwa kaskazi ikaanza kutupiga usoni. Mzee akaniita ofisini kwake. Nikajua sasa ndo nafukuzwa.

Mezani alikuwa na karatasi ya saa za mapumziko. Kanuni zinataka angalau saa kumi ndani ya kila saa ishirini na nne, na saa sabini na saba kwa wiki, na karatasi yangu ilisema nimepumzika vizuri kabisa, kila siku kumi, wakati mwingine kumi na moja. Nilikuwa nimeijaza mimi kama tunavyojaza wote. Chini kuna sahihi yangu, na pembeni yake sahihi ya kapteni.

"Siku ile umelala jumla ya saa ngapi?"

"Tatu, kapteni. Labda nne."

Akakaa kimya, meli inapanda inashuka. Halafu akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya sahihi yake, akanisogezea karatasi tupu.

"Andika ulivyolala kweli. Anza Jumatatu."

Ilinichukua mpaka saa nne usiku, nakumbuka kikombe chake cha chai kilikuwa kinateleza mezani na yeye anakirudisha kwa kidole.