Hivi Vivian Stringer alipandaje?

Wiki hii nikishamlaza mtoto najifungia na simu kusoma habari za Vivian Stringer, yule mama wa Marekani aliyekuwa kocha wa mpira wa kikapu wa wanawake vyuoni. Huku kwetu ukitaja kikapu cha vyuo vya Marekani watu wanamkumbuka Hasheem Thabeet alivyotoka chuo cha UConn (Connecticut) akachukuliwa namba 2 NBA mwaka 2009, basi, hadithi imeisha. Wachezaji wa kike hatuwajui, makocha wao ndo kabisa.

Huyu mama ni mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Edenborn, Pennsylvania. Mwaka 1971 akapata kazi Cheyney, chuo kidogo cha watu weusi nje ya Philadelphia, ila kazi yenyewe ilikuwa kufundisha elimu ya viungo, timu ya wasichana aliibeba kwa kujitolea tu. Na sheria ya Title IX, ile iliyokataza kubagua wanawake kwenye shule na vyuo vinavyopewa hela na serikali yao, ilikuwa bado, ilikuja mwaka uliofuata. Timu ya wanaume pale alikuwa nayo John Chaney, naye baadaye akawa kocha mkubwa, basi wakawa wanagawana ukumbi na mazoezi wanaibiana mbinu. Mi nafundisha wasichana wa sekondari jioni na wikiendi, malipo yangu ni nauli na soda, kwa hiyo hapo kwenye kujitolea nilisoma mara mbili.

Halafu ikaja 1982. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, wanaandaa mashindano ya wanawake kwa mara ya kwanza na Cheyney hawa hawa, kachuo ambako hela ilikuwa ya kuungaunga, wakafika fainali! Walifungwa na Louisiana Tech 76 kwa 62. Sasa kitu ambacho kimenikaa kichwani ni kwamba msimu huo huo mtoto wake Janine, ana miezi 14 tu, alikuwa amepata homa ya uti wa mgongo, akapona uhai lakini kutembea na kuongea ndo ikawa basi tena. Huyu mama anatoka hospitali anaenda mazoezini, anatoka mazoezini anarudi hospitali, na timu inashinda. Sijui alikuwa analala saa ngapi.

Kuna binti nilimfundisha, sasa hivi yuko chuo, kaniuliza kocha ukitaka kuwa kama hao wa Marekani unapandaje ngazi. Mwanzoni nilitaka kumjibu kirahisi, unaanza kama msaidizi, unapata chuo kidogo, ukishinda unaitwa chuo kikubwa. Lakini ukimfuatilia Stringer unaona hama hama yake ilikuwa na mambo ya nyumbani ndani yake. Mwaka 1983 alienda Iowa, mbali kabisa na kwao, na moja ya vitu vilivyomvuta ni hospitali ya chuo pale kwa ajili ya Janine. Huko watu walimpenda balaa, 1985 mechi yao na Ohio State ilijaza watu zaidi ya 22,000, mechi ya wanawake, mwaka 1985 jamani! Novemba 1992 mume wake Bill akafa ghafla kwa moyo, siku ya sikukuu yao ya kushukuru, na msimu huo huo akaifikisha Iowa nne bora (nusu fainali ya NCAA), wakatolewa na Ohio State kwa pointi moja dakika za nyongeza. Mwaka 1995 akahamia Rutgers, New Jersey, akarudi upande wa kwao wa mashariki.

Na Rutgers nako akafika nne bora, mwaka 2000. Ndo akawa kocha wa kwanza, uwe wa wanaume au wa wanawake, kufikisha vyuo vitatu tofauti hatua hiyo. Ila mi msimu ninaoupenda ni wa 2006/07, walianza vibaya, chuo cha Duke wakawapiga tofauti ya pointi 40, halafu Machi wakakutana tena na Duke hao hao wakiwa namba moja na Rutgers wakashinda 53 kwa 52. Hiyo ni kazi ya ukocha, kipaji peke yake hakikutoi huko. Wakaenda hadi fainali wakafungwa na Tennessee. Baada ya hapo mtangazaji mmoja wa redio, Don Imus, akawatukana hao mabinti matusi ya kibaguzi hewani, na mama akakaa nao mbele ya kamera nchi nzima ikiangalia. Imus kazi ikaota mbawa.

Alistaafu 2022 na ushindi 1,055, na ubingwa wa taifa hajawahi kuuchukua hata mara moja. Kocha mwenzangu mmoja ananiambia basi huyo hawezi kukaa meza moja na Pat Summitt, kocha wa wanawake wa Tennessee aliyechukua makombe 8. Tumebishana mpaka bando limekata. Summitt namheshimu sana, lakini nilimwambia nitajie mwingine aliyefikisha chuo cha watu weusi fainali ya wanawake ya NCAA daraja la kwanza. Mpaka leo ni Cheyney peke yake. Bado nasubiri meseji yake.