Siku Moja Maishani Mwangu: Volti Zilizopotelea Uani, Mikindani

Saa 12:30 asubuhi nilitoka Mtwara mjini nikiwa nimempakia kwenye pikipiki kijana ninayemfundisha ufundi umeme, tukaelekea Mikindani, ambako mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alikuwa amelalamika kwamba hita ya bafu la uani haichemshi maji kama zamani, ilhali uniti za LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, zinaendelea kwisha.

Saa 1:15 tulimkuta mlangoni. Tulimwamkia, akaitikia, “Marahaba, wanangu. Fundi, hita hii imekufa, nitafutie nyingine.” Nilimwomba anivumilie, kwa sababu sioni haki kumtoza mtu bei ya kifaa kipya kabla sijakipima cha zamani.

Saa 2:00 tuliwasha hita na kupima. Kwenye LUKU palikuwa na volti 228, lakini kwenye hita zilifika volti 204, na mkondo ulikuwa ampia 12. Kijana alitaka kupima ukinzani, yaani jinsi hita inavyouzuia umeme kupita, moja kwa moja kwa kipimo cha omu. Nikamzuia, kwa kuwa kipimo hicho hakiwekwi kamwe kwenye saketi yenye umeme. Volteji na mkondo vikishajulikana, ukinzani hupatikana kwa kugawanya: 204 kwa 12 ni omu 17. Nguvu hupatikana kwa kuzidisha: 204 mara 12 ni wati 2,448. Hita ya omu 17 ikipewa volti 230 kamili hutoa takribani wati 3,100, nayo iliandikwa wati 3,000. Kwa hiyo hita ilikuwa nzima kabisa. Iliyokosekana ni volteji.

Volti 24 zilikuwa zimepotea njiani, na hapo ndipo kazi ya siku ilipolala. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 ulikwenda mita 40 hadi uani. Kwenda na kurudi ni mita 80, zenye ukinzani wa takribani omu 0.92. Kwa ampia 12, waya ungekula volti 11 tu. Volti 13 zilizobaki ziliishia wapi? Tulifuata waya ukutani hadi saa 4:00, tukakuta kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu, shaba yake ikiwa imegeuka kijani kwa chumvi ya upepo wa bahari. Kipimo kilionyesha volti 13 kati ya pande zake mbili. Mara ampia 12, hizo ni wati 156 za joto ndani ya kitu kisichozidi kidole, pembeni ya boriti kavu. Nilizima umeme papo hapo, na nakiri moyo ulinienda mbio.

Hadi saa 7:00 tulikuwa tumekata sehemu iliyoliwa na kufunga kiunganishi cha skrubu ndani ya kisanduku kisichopitisha unyevu. Tulipowasha, hita ilipata volti 216 na ampia 12.7, yaani zaidi ya wati 2,700.

Saa 10:00 jioni, tukiwa tumerudi mjini, nilimpa kijana swali: tukibadilisha waya wote uwe wa milimita za mraba 4, zitapotea volti ngapi? Alianza na ukinzani, omu 0.34, akaujumlisha na 17 za hita, akagawa 228 kwa jumla hiyo, akapata ampia 13.15. Kisha akazizidisha kwa 0.34, akaandika kwenye daftari: volti nne na nusu. Kesho atamweleza mama hesabu hiyo mwenyewe.