Mlo wa Wiki ya Kabla ya Hedhi: Nilivyomsaidia Binti Yangu

Binti yangu alipofikisha umri wa miaka 15, kila mwezi alipitia siku ambazo kichwa kilimuuma, tumbo lilijaa, matiti yaliuma na machozi yalimtoka kwa neno dogo tu, kisha hedhi ilipoanza hali hiyo ikatoweka. Baadhi ya ndugu walisema ni jeuri ya ujana, jambo ambalo sikulikubali, kwa kuwa jeuri haiji na kuondoka kwa tarehe.

Nilimpa daftari aandike kila jioni anavyojisikia na alichokula. Baada ya miezi michache tuliona kuwa dalili zilianza takribani wiki moja kabla ya hedhi, na kwamba katika wiki hiyo alikwenda shuleni na chai ya rangi tupu tumboni, kisha mchana akala chipsi zenye chumvi nyingi na soda ya kola. Muuguzi aliyelisoma daftari alitueleza kuwa chumvi huufanya mwili ubakize maji, na kwamba kafeini, kichangamshi kilichomo katika chai na kola, huweza kuharibu usingizi na kuzidisha wasiwasi.

Lililonigusa zaidi ni habari ya madini ya kalsiamu. Msichana wa miaka 9 hadi 18 hushauriwa kupata miligramu 1,300 kwa siku, ilhali kikombe cha maziwa kina takribani 300. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kuwa wanawake waliotumia miligramu 1,200 kila siku walipungukiwa na dalili za kabla ya hedhi kwa karibu nusu kufikia mzunguko wa tatu, ingawa waliopewa vidonge visivyo na dawa nao walipata nafuu ya asilimia 30 hivi. Kwa kuwa hao walikuwa watu wazima, niliona ni busara kurekebisha chakula cha binti yangu kuliko kumnunulia vidonge.

Sisi wakazi wa Mwanza tuna bahati ya dagaa, ambao huliwa pamoja na mifupa yao, na kalsiamu imo humo. Niliwachambua, nikawaunga kwa nyanya, vitunguu na chumvi kidogo sana, tukawala mara nyingi kwa wiki, mwezi mzima, bila kungoja siku mbaya zifike. Asubuhi alikunywa uji wa ulezi wenye maziwa. Mchicha tuliendelea kuula, lakini sikuutegemea kwa kalsiamu, kwa sababu una oksaleti, kemikali ya asili inayozuia sehemu kubwa ya madini hayo isifyonzwe. Chai niliitenga na mlo, maana hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, na msichana anayepoteza damu kila mwezi anayahitaji mno. Hamu yake ya vitu vitamu sikuikemea. Nilimfungia ndizi mbivu, karanga za kuchemsha au kiazi kitamu, ili asikae na njaa kutwa nzima.

Tumbo kujaa na kuumwa kichwa vilipungua waziwazi, na hasira zikawa nyepesi, japo siku moja ya huzuni hubaki katika baadhi ya miezi. Maumivu ya tumbo ya siku ya kwanza ya hedhi hayakubadilika. Kwa hayo kituo cha afya kilimwandikia ibuprofeni, anywe baada ya kula. Muuguzi alituagiza pia kwamba huzuni ikimzuia kwenda shule, au akiwaza kujidhuru, nimpeleke mara moja bila kungoja mlo ufanye kazi.